Shajara ya mradi: kulifuatilia jina Murphy kutoka kitongojini hadi ng'ambo

Wiki ya 1: tunahesabu nini

Murphy ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ayalandi. Takwimu ya kuanzia ni ya Robert Matheson wa ofisi ya Msajili Mkuu, Dublin. Alichukua vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890, akavipanga kwa majina ya ukoo, akapata Murphy 1,386, Kelly 1,238, Sullivan 975 na Walsh 932. Kutokana na hapo alikadiria kwamba akina Murphy walikuwa 62,600 na akina Kelly 55,900. Ukigawanya utaona kwamba kila kizazi kimoja alikihesabu kama watu 45 hivi.

Kipimo hicho kinafaa kwa nchi nzima. Kwa kaunti yenye vizazi sita tu hakifai, kwa sababu nyumba mbili zikijaliwa watoto mwaka huohuo makadirio yanapanda kwa watu 90. Safu ya makadirio tumeiacha kwenye ngazi ya nchi. Kaunti zinabaki na idadi ya vizazi kama ilivyoandikwa.

Kilichotufanya tuanze mradi huu, hata hivyo, si wingi wao. Ni kwamba watu hao hawakutoka kwa babu mmoja, na vitabu vingi vya ukoo vinavyoandikwa na wazao wao vinajengwa kana kwamba walitoka kwa babu mmoja. Chimbuko ni jina la mtu, Murchadh, lililounganishwa kutoka *muir*, yaani bahari, na *cath*, yaani vita. Lilipendwa sana. Mwana wa Brian Boru, mfalme mkuu wa Ayalandi, aliyeuawa siku moja na baba yake katika vita vya Clontarf, mwaka 1014, aliitwa hivyo. Majina ya ukoo yalipoanza kuganda, kati ya karne ya 10 na ya 12, kila familia iliyokuwa na babu Murchadh iliweza kujiita kwa jina lake. Hivyo liliota penye Wexford, likaota penye Cork, upande wa Sligo na Roscommon, na kaskazini huko Tyrone na Armagh, bila udugu wa damu kati ya mashina hayo.

Kanuni ya mradi ikatoka hapo: mahali kwanza, jina baadaye. Mstari usio na mahali hauingii kwenye jedwali kuu. Unakaa kwenye faili la kusubiri.

Wiki ya 2: mfalme ambaye wazao wake si Murphy

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kumfanya Diarmait Mac Murchadha babu wa kila Murphy. Huyu ndiye mfalme wa Leinster aliyefukuzwa mwaka 1166, akaenda kuomba msaada kwa Wanormani, akamwoza binti yake Aoife kwa Richard de Clare mjini Waterford mwaka 1170, akafa mwaka uliofuata. Jina lake linafanana kabisa na tunalolitafuta, na ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini uzao wake ulishika majina mengine. Mwanawe Domhnall aliitwa Caomhánach kwa sababu ya malezi yake kwenye nyumba ya Mtakatifu Caomhán, na watu wake leo ni akina Kavanagh. Kutoka kwa Éanna Ceannsealach wakatoka akina Kinsella.

Murphy wa Wexford ni tawi jingine la jamaa hiyohiyo pana. Ni Ó Murchadha wa mbari ya Uí Felme, waliokaa upande wa pwani ya mashariki, katika eneo la Ballaghkeen. Ni ndugu wa mfalme kwa mbali, si watoto wake. Murphy wa Cork hata huo udugu wa mbali hawana.

Tumegawa safu ya asili mara mbili: "asili inayodaiwa" na "asili yenye hati". Ya kwanza hujazwa kwa yale ambayo familia husema. Ya pili hubaki tupu mpaka ushahidi upatikane, na mistari mingi itabaki hivyo. Hatuoni aibu kuacha kisanduku kitupu.

Wiki ya 3: Ó, Mac, Ní, Nic

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa *bin* na *binti* tayari anavijua. Mac ni "mwana wa". Ó ni "mjukuu wa", na kwa upana "wa uzao wa". Mwanamke habebi Ó wala Mac kwa kuzaliwa: binti wa Ó Murchú ni Ní Mhurchú, na Ní imefupishwa kutoka *iníon uí*, binti wa uzao wa. Binti wa Mac huwa Nic. Mke wa Ó Murchú ni Bean Uí Mhurchú. Kwa hiyo mume, mke na binti wa nyumba moja wanaweza kuandikwa kwa namna tatu, na hakuna aliyekosea.

Tofauti na *bin* wa pwani yetu ni kwamba Salim bin Said ni mtoto wa Said kweli, na mtoto wa Salim atakuwa bin Salim. Ó Murchadha aliganda. Murchadh mwenyewe alikufa karne nyingi zilizopita na jina halisogei tena, linafanya kazi ya nisba kama Al-Busaidy.

Angalia pia hiyo *Mh* katika Ní Mhurchú. Neno la Kiayalandi hubadilika mwanzoni, kama letu. Anayetafuta *meno* kwenye kamusi ya Kiswahili lazima ajue kufungua *jino*. Vivyo hivyo, anayepanga orodha kwa alfabeti lazima arudishe Mhurchú kuwa Murchú, la sivyo wanawake wote wanajitenga na kaka zao.

Kuhusu sauti: *ch* hapo ni kh ya "kheri", na *dh* katika Murchadha si ya "dhahabu", imemezwa kabisa. Jina hutamkwa karibu na "Murakhu". Tahajia mpya ya karne ya 20 ilikata herufi zisizosikika ikabaki Ó Murchú. Makarani walioandika kwa Kiingereza hawakuwa na kh. Wengine waliandika ch, wengine gh, wengine wakaisikia kama f. Ndipo tukapata O Morchoe, Murrough, Morphy na Murphy, zote kutoka mdomo mmoja.

Ó ilidondoka wakati Kiingereza kilipotawala hati na mahakama. Shinikizo lilianza mapema: sheria ya mwaka 1465 iliwataka Waayalandi wa Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya Kiingereza ya mji, rangi au kazi. Mwishoni mwa karne ya 19, chama cha kukuza lugha, Conradh na Gaeilge, kilipoanzishwa mwaka 1893 na vuguvugu lake likaenea, akina O'Brien, O'Neill na O'Connor wengi walirudisha O yao. Akina Murphy karibu hawakuirudisha. Kwa mradi huu maana yake ni moja: kukosekana kwa O katika Murphy hakuelezi dini, tabaka wala kaunti ya mtu. Tumefuta safu iliyokuwa inahesabu jambo hilo.

Wiki ya 4: herufi zinapotugomea

Upakiaji wa kwanza ulivunjika kwa sababu ya ritifaa. O'Murphy yenye ritifaa nyoofu (U+0027) na O’Murphy yenye ya kupinda (U+2019) ni maneno mawili kwa kompyuta. Aliyewahi kutafuta *ng'ombe* kwenye hifadhidata iliyochapwa na watu wawili anaujua ugonjwa huu. Dawa: kabla ya kupakia, badilisha zote ziwe nyoofu, na weka maandishi ya asili kwenye safu yake bila kuyagusa.

Tatizo la pili ni Ó. Inaweza kuwa herufi moja (U+00D3) au O ikifuatwa na alama ya mkazo inayoelea (U+0301). Kwa macho ni sawa. Sawazisha faili zima kwa NFC (kanuni ya Unicode inayounganisha herufi na alama yake kuwa herufi moja) mara moja, halafu ndipo ulinganishe.

La tatu ni hati za zamani za Kiayalandi, ambazo hazikuandika h ya kulainisha bali nukta juu ya herufi: Ó Murċaḋa. Tumeweka jedwali dogo la kubadilisha ċ (U+010B) kuwa ch, ḋ (U+1E0B) kuwa dh, na ṁ (U+1E41) kuwa mh.

Kisha Soundex, msimbo unaotumiwa na orodha nyingi kukusanya majina yanayofanana kwa sauti. Tuliukokotoa kwa mkono kwanza ili tujue unaficha nini:

- Murphy, Morphy, Murphey: M610
- Morchoe, Murrough, Murchú: M620
- Murchadha: M623
- O'Murphy: O561
- Ó Murchú, Ó Murchadha: O562
- MacMurrough: M256
- Morrow: M600

Jina moja limepata misimbo saba. Anayetafuta M610 peke yake anakosa kila aliyeandikwa kwa Kiayalandi. Na M600 ina hatari ya upande wa pili: inamchanganya Morrow, ambaye mara nyingine ni Mac Murchadha wa kaskazini, na Murray, ambaye hana uhusiano wowote. Utaratibu wetu ni kuondoa viambishi O, Ó, Mac, Mc, Ní, Nic na Uí kabla ya kukokotoa, kutafuta M610, M620 na M623 kwa pamoja, na kuisoma M600 kwa macho, mstari kwa mstari.

Wiki ya 5 hadi ya 7: hati zilizopo na zisizokuwepo

Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu iliyokuwa ndani ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua isipokuwa vipande. Za 1861 hadi 1891 hazikuungua hapo, serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo sensa kamili za mwanzo tunazozitumia ni za 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911. Kabla ya hapo tunatembea kwa mawe ya kuvukia mto:

Daftari za Zaka, 1823 hadi 1837, zinaorodhesha waliokuwa na mashamba yaliyotozwa zaka. Watu wa mjini hawamo, wala vibarua wasio na ardhi. Uthamini wa Griffith, 1847 hadi 1864, unaorodhesha mpangaji mkuu wa kila nyumba au kipande cha ardhi, si mke, si watoto. Ukiona Murphy mmoja, kunaweza kuwa na watu wanane nyuma yake.

Hatari ya Griffith ni wakati wake. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni kwenye meli. Familia iliyomo katika Zaka na isiyomo katika Griffith huenda imekufa, imehama, au imerudi kuwa vibarua. Hatuandiki "walihama" kwa kutoonekana tu.

Jambo moja la Griffith tunalipenda sana. Palipokuwa na John Murphy watatu kwenye kitongoji kimoja, mthamini aliwatenganisha kwa kuongeza jina la baba au rangi: John Murphy (Michael), John Murphy (Red). Hilo neno la kwenye mabano ni mali. Waliochapa orodha upya mara nyingi walilitupa kama takataka, kwa hiyo tunarudi kwenye picha ya ukurasa kila mara. "Red" ni tafsiri ya *rua*, nywele nyekundu, na familia huweza kubaki "Rua" vizazi kadhaa baada ya nywele zenyewe kwisha.

Usajili wa serikali ulianza 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki, na 1864 kwa vizazi, vifo na ndoa zote. Mtandaoni huonyeshwa vizazi vyenye zaidi ya miaka 100, ndoa zaidi ya 75, vifo zaidi ya 50. Wilaya za usajili, 163, zilifuata mipaka ya vyama vya sheria ya maskini (maeneo yaliyogawanywa kwa ajili ya kuhudumia maskini), na mipaka hiyo haikuheshimu kaunti. New Ross inachukua Wexford na Kilkenny. Tulikuwa tumeweka kanuni ya kujaza kaunti kutokana na jina la wilaya, tumeiondoa. Kaunti inajazwa kutokana na kitongoji tu, na vitongoji ni zaidi ya 60,000, vingi vikirudia majina.

Makosa mawili ya tarehe ya kutarajiwa. Kuchelewa kusajili mtoto kulikuwa na faini, hivyo wazazi walisogeza siku ya kuzaliwa mbele. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", iamini parokia. La pili ni umri. Pensheni ya wazee iliyoanza kulipwa Januari 1909 ilihitaji miaka 70, na watu walioandikwa 56 mwaka 1901 wakawa 71 mwaka 1911. Programu yetu ilikuwa inakataa tofauti yoyote nje ya miaka 9 hadi 11. Kwa waliofikisha 50 mwaka 1901 tumeipanua hadi 18.

Mwaka 1911 pia baadhi ya kaya zilijaza fomu kwa Kiayalandi, na zimo kwenye faharasa kama Ó Murchadha. Utafutaji wa "Murphy" hauzigusi.

Wiki ya 8: jina la kwanza lasema zaidi ya la pili

Hii ndiyo wiki iliyotupa zana bora kuliko zote. Jina la ukoo likiwa moja nchi nzima, jina la kwanza hutaja nyumbani.

Wexford wana mtakatifu wao, Maedóc wa Ferns, anayeitwa pia Aidan. Kwa hiyo huko watoto wa kiume waliitwa Mogue, na Mogue kwenye hati za Kiingereza aligeuzwa Moses au Aidan. Moses Murphy aliyezikwa mbali na nyumbani ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu wa Wexford. Myles nalo huelekeza huko.

Cork ni mtindo mwingine: majina ya Kiayalandi yalibadilishwa kwa majina ya Kiingereza yasiyo na uhusiano wa maana. Diarmaid akawa Jeremiah, Conchobhar akawa Cornelius, Tadhg akawa Timothy, Donnchadh akawa Denis, Domhnall akawa Daniel. Cornelius Murphy na nduguye Jeremiah, kule Boston au Liverpool, tunawaweka kwanza kwenye faili la Cork. Kaskazini, Felix mara nyingi ni Feidhlim.

Vitabu vya parokia za Kikatoliki vinaongeza pazia la Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Picha za vitabu hivyo, nyingi hadi mwaka 1880, ziliwekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi Julai 2015.

Halafu mpangilio. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata bibi, wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Msomaji Mkikuyu atatabasamu, maana kwa watoto wa kiume ndivyo kwao. Desturi hii inatusaidia kukisia jina la babu pale hati zinapokatika, lakini makisio huandikwa kwa wino mwingine: safu ya "dhana", si ya "baba". Mtoto wa kwanza akifa mchanga, jina lake hupewa anayefuata, na mpangilio unaonekana umevunjika ilhali haujavunjika.

Uzito tuliopanga: kitongoji alama 5, jina la kwanza la eneo 2, wasimamizi wa ubatizo wanaojirudia 3, mpangilio wa majina 1. Chini ya 6, mistari miwili haiunganishwi.

Wiki ya 9 na ya 10: ng'ambo

Sensa ya Marekani ya 1850 huandika "Ireland" tu, na hapo wengi hukwama. Parokia inatafutwa kwingine: matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea katika gazeti la Boston Pilot, 1831 hadi 1921, vitabu vya benki ya Emigrant Savings ya New York, iliyoanzishwa 1850 na kuwauliza wateja walikozaliwa, na mawe ya makaburi. Dai kwamba majina yalibadilishwa na makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, tumelifuta popote lilipoandikwa. Makarani walisoma orodha za meli, na Murphy lilikuwa limekwisha pata tahajia yake ya Kiingereza kabla ya kupanda meli.

Sensa ya Marekani ya 2010 ilikuta akina Murphy zaidi ya 300,000. Maelfu kati yao ni Waamerika weusi, ambao mababu zao walipata jina kwa njia mbalimbali, mara nyingine kutoka kwa mmiliki wa watumwa, mara nyingine kwa kujichagulia. Jina peke yake halithibitishi Ayalandi, na jedwali letu haliruhusu kujaza nchi ya asili kwa jina.

Newfoundland, huko Kanada, ni rahisi kidogo. Wahamaji wake wa Kiayalandi walitoka zaidi kusini-mashariki, Waterford, Wexford na Kilkenny, kwa ajili ya uvuvi. Murphy wa St. John's tunamtafuta kwanza huko kabla ya Cork.

Argentina ilipokea watu wa Westmeath, Longford na Wexford, wengi wakiwa wafugaji wa kondoo, na katika mkoa wa Santa Fe upo mji unaoitwa Murphy. Tahadhari: kwa desturi ya Kihispania mtu huweza kubeba ubini mbili, wa baba kisha wa mama. Murphy akiwa wa pili ni wa mama, na katika kizazi kinachofuata jina hupotea. "De Murphy" baada ya jina la mwanamke humaanisha ameolewa na Murphy.

Bara la Ulaya limehifadhi sura zilizokufa nyumbani. Marie-Louise O'Murphy, aliyezaliwa Rouen mwaka 1737 katika familia yenye asili ya Kiayalandi, ana O iliyokuwa ikidondoka Ayalandi. Ukoo mwingine ulikaa Málaga, ukaandikwa Morphy, kisha ukavuka hadi New Orleans. Humo alizaliwa mwaka 1837 bingwa wa sataranji Paul Morphy. Tahajia hiyo inatuambia njia ilipitia wapi, kwa hiyo kwa Morphy wa Louisiana tunafungua kumbukumbu za Hispania kabla ya za Ayalandi.

Wiki ya 11: kromosomu Y

Jina na kromosomu Y vyote hutoka kwa baba, kwa hiyo vipimo vingeweza kutenganisha mashina ya Wexford, Cork na Armagh. Vipimo vya alama 12 (sehemu 12 za kromosomu zinazolinganishwa) tumevikataa: wanaume wengi wa Ayalandi wako kwenye tawi moja kubwa, na kwa alama 12 karibu kila mtu anafanana na kila mtu. Tunapokea alama 111 au kipimo kamili cha SNP (mabadiliko ya herufi moja moja za DNA), na lazima kiambatane na babu wa kiume wa mbali zaidi mwenye kitongoji kinachojulikana. Matokeo yasiyo na kitongoji yanakwenda faili la kusubiri, kama hati nyingine yoyote. Tofauti kati ya jina na damu (mtoto wa kulelewa, mume aliyechukua jina la mke mwenye shamba) hairekebishwi, inaandikwa.

Wiki ya 12: kilichobaki

Wexford: mistari ya Zaka na Griffith imepangwa kwa vitongoji, inayofuata ni kuzirudia picha za Ballaghkeen kwa ajili ya maneno ya kwenye mabano. Cork: imegawanywa kwa wilaya za usajili, tukianza na Macroom na Millstreet, kwa sababu vitongoji vyenye John na Daniel wengi viko huko na Griffith bila mabano haviwezekani. Armagh haijaanza. M600 inasubiri macho ya mtu wa pili.